Makabila Madogo ya Nchi ya China

Watu wengi wasikiapo habari za Wachina hudhani ya kuwa ni kabila moja, lenye lugha moja na desturi moja. Sivyo. Serikali ya nchi ile yatambua makabila 56. Kubwa kupita yote ni Wahan, ambao katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 walikuwa 91 katika kila watu 100. Yale 55 yaliyosalia huitwa makabila madogo, lakini jumla yao ni watu milioni 125, na wengi wao hukaa karibu na mipaka, penye milima, mbuga na jangwa.

Yafaa kueleza jinsi makabila hayo yalivyopatikana. Watu walipohesabiwa mwaka 1953, kila mtu aliulizwa kabila lake, yakaandikwa majina zaidi ya 400. Serikali iliona haiwezi kugawa viti vya baraza kwa majina mengi kiasi hicho, ikatuma wataalamu kuchunguza lugha na mila, nao wakaunganisha mengi. Kabila la mwisho, Wajino, lilikubaliwa mwaka 1979. Wengine hawakupata jina lao. Wamosuo hukaa kando ya ziwa Lugu: walio upande wa Yunnan huandikwa Wanaxi, na ndugu zao wa upande wa Sichuan huandikwa Wamongolia.

Jina hilo si jambo dogo, maana haki hufuata jina. Makabila mengi yaliyotambuliwa yalilegezewa ile amri ya kuzaa mtoto mmoja, na watoto wao waliongezewa alama katika mtihani wa kuingia chuo kikuu. Tena yako majimbo 5 yenye utawala wa wenyeji, kama Mongolia ya Ndani, lililowekwa mwaka 1947, na Tibet, mwaka 1965. Sheria yataka mkuu wa serikali ya jimbo awe mtu wa kabila lile. Lakini juu yake yuko katibu wa Chama cha Kikomunisti, na huyo kwa kawaida ni Mhan.

Katiba yasema kila kabila lina uhuru wa kutumia na kukuza lugha yake. Hata hivyo, mwaka 2020 shule zilizofundisha kwa Kimongolia ziliamriwa kuhamisha masomo matatu, moja kila mwaka, yafundishwe kwa Kichina: lugha, siasa na historia. Serikali ilieleza kwamba lugha ya taifa huwafungulia vijana njia ya maendeleo. Wazazi wengi waliogopa lugha yao itakufa, wakawaweka watoto nyumbani. Amri haikubadilika. Katika Xinjiang mambo yalikuwa mazito zaidi: tangu mwaka 2017 Wauighuri wengi walifungwa katika kambi, ambazo Serikali iliziita vyuo vya mafunzo.

Hapana shaka nchi kubwa ina haja ya lugha moja ya kuelewana. Lakini msomaji atakaye kujua hali ya kabila dogo mahali popote asitosheke na maneno ya sheria. Na aulize ni nani aamuaye lugha ya shule, na kama wazazi waliulizwa.