Namna ya Kupiga Picha kwa Simu na kwa Kamera

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Iyunga, Mbeya

Sogeeni karibu na redio. Mwenye simu yenye kamera aiweke mezani mbele ya wenzake, maana leo tutaitumia. Somo letu ni upigaji wa picha.

Huenda mmoja wenu akauliza, picha zina haja gani kwa mtu anayejifunza kusoma na kuandika? Zina haja kubwa. Tuseme wewe ni mkulima wa viazi mviringo huku kwetu. Asubuhi moja ya masika unakwenda shambani na kuona madoa meusi kwenye majani. Bwana shamba yuko mbali, naye ana vijiji vingi vya kuzungukia. Unapiga picha kwa simu na kumpelekea. Picha ikiwa safi, atautambua ugonjwa na kukuambia la kufanya siku ile ile. Picha ikiwa imetikisika, ataona kijani na weusi tu, naye hana budi kukujibu, "Ningoje mpaka nije." Lakini ugonjwa wa ukungu wa viazi haungoji. Hali ya hewa ikiwa ya baridi na unyevu, waweza kulimaliza shamba zima kwa wiki moja au mbili. Basi picha ile moja yaweza kuwa ndiyo chakula cha watoto na ada ya shule.

Kwanza tujue kamera ni kitu gani. Kamera ni kijumba kidogo chenye giza ndani, nacho kina tundu moja tu mbele. Kwenye tundu hilo pana kioo kiitwacho lenzi, ambacho kazi yake ni kuukusanya mwanga. Zamani nyuma ya kijumba iliwekwa filamu, na mwanga ulipoigusa filamu ile uliacha alama. Katika kamera ya dijitali hakuna filamu. Mahali pake pana kibamba kidogo chenye mamilioni ya vijichumba. Kila kijichumba hupima mwanga uliokiangukia, kisha kipimo hicho huandikwa kwa tarakimu. Kwa hiyo picha ya dijitali, kabla haijaonekana machoni, ni hesabu ndefu sana.

Mtazameni mtu anayesuka mkeka. Ukiwa mbali, waona maua na mistari. Ukikaribia, waona vijiraba vya ukili, kimoja chekundu, kimoja cheusi, kimoja cheupe. Picha ya simu ni vivyo hivyo. Kiraba kimoja huitwa pikseli, na vikiwa milioni moja huitwa megapikseli.

Kamera ya kwanza ya namna hii, yenye kubebeka, iliundwa mwaka 1975 na kijana mmoja mhandisi, Steven Sasson, katika kampuni ya Kodak huko Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo 3 na zaidi. Picha yake haikuwa na rangi, ilikuwa na pikseli 100 kwa upana na 100 kwa urefu, nayo ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Zidisheni wenyewe daftarini: 100 mara 100 ni 10,000. Sasa ichukueni simu ya kawaida yenye picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Mara moja mtapata 12,000,000, yaani megapikseli 12. Kodak wenyewe waliendelea kutegemea biashara ya filamu kwa miaka mingi, na mwaka 2012 wakaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wao. Mwana alimzidi mzazi wake nguvu.

Nasema haya ili muuzaji dukani asikubabaishe kwa tarakimu kubwa. Picha ya kuweka ukutani ya sentimeta 10 kwa 15 yahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800 hivi, ambazo ni megapikseli 2 na kidogo. Simu yako karibu kwa yakini inazo. Kinachoharibu picha nyingi si uchache wa pikseli. Ni mafuta ya vidole kwenye lenzi.

Naam, mafuta ya vidole. Igeuzeni simu mezani, mtazame kile kioo kidogo cha nyuma. Mara nyingi kina alama ya kidole, au vumbi la barabarani, na kwa sababu hiyo kila picha hutoka kama iliyopigwa ndani ya moshi. Kipanguseni kwa kitambaa laini cha pamba, kikavu na safi. Msitumie mate wala mchanga. Kadhalika, Juni na Julai, ukitoka nje penye baridi ukaingia jikoni penye mvuke, lenzi hufunga ukungu. Subiri dakika chache uondoke wenyewe.

Sasa tushike simu. Tumia mikono miwili. Viwiko vibane mbavuni, au uegemee nguzo ya baraza. Toa pumzi, kisha gusa kitufe polepole bila kukisukuma. Ukitaka kitu kionekane kikubwa, songa mbele kwa miguu. Simu nyingi, ukikivuta kitu kwa vidole viwili juu ya kioo, huvitanua vile vijiraba vya mkeka tu, na picha hukwajuka.

Tufike sasa kwenye jambo lenyewe, nalo ni mwanga. Hapa nitakaa kwa kirefu, maana hapa ndipo nyuso za watu wetu zinapopotea.

Mnazo picha za harusi ambamo bibi arusi anang'aa kwa shela jeupe, lakini uso wake ni kiwi cheusi kisicho na macho wala pua? Au picha ya mzee aliyesimama mbele ya anga, milima ya nyuma yaonekana vizuri, ila mzee mwenyewe kama mkaa? Watu husema, "Mzee ni mweusi mno." Sivyo. Kosa si la mzee. Kamera isiyotambua nyuso haijui kama mbele yake kuna mtu au ukuta. Hupima mwanga wote uliomo, hutafuta wastani, kisha hujirekebisha ili wastani huo uwe wa kijivu. Anga jeupe likijaa katika picha, kamera husema, "Mwanga umezidi," hupunguza, na uso wenye rangi ya kahawia huzama gizani.

Tena iko sababu ya zamani. Katika siku za filamu za rangi, viwanda vilipima ubora wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Rangi ya ngozi yake ilipotoka sawa, walihesabu kazi imekwisha. Ngozi zetu hazikuwa katika kipimo. Kamera za leo zimekuwa bora zaidi, lakini yafaa mpiga picha wetu asiiachie mashine kuamua.

Afanyeje? Kwanza, kabla ya kupiga, uguse uso wa mtu juu ya kioo cha simu. Kialama kidogo kitatokea pale ulipogusa. Maana yake simu sasa inapima mwanga wa uso, si wa anga, na inausafisha uso pale pale. Simu nyingi huonyesha pia kijijua kidogo kando ya alama. Kisogeze juu, uso utapata mwanga zaidi. Anga likipoteza rangi, na lipotee. Mjukuu atakayeitazama picha miaka hamsini ijayo hatatafuta mawingu, atatafuta macho ya babu yake.

Pili, mpange mtu vizuri. Iyunga iko karibu na nyuzi 9 kusini ya Ikweta. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba, na tena mwezi wa Februari, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi hasa. Saa hiyo kofia na nyusi huweka kivuli machoni, na paji la uso hung'aa kama sufuria. Pigeni picha za watu asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi. Kama haina budi iwe saa sita, mtoeni mtu juani, mumsimamishe chini ya baraza, uso wake ukitazama nje. Mwanga utokao uwanjani utamfikia taratibu, pande zote mbili. Wapo wadhaniao siku ya mawingu haifai kwa picha. Mimi naipenda kuliko siku ya jua kali, kwani wingu ni kama pazia, huulainisha mwanga. Ndani ya nyumba, mtu aelekee dirishani; asilipe dirisha mgongo.

Kamera hupata mwanga kwa njia tatu. Kwa ukubwa wa tundu, kama dirisha lifunguliwavyo nusu au lote. Kwa muda wa tundu kukaa wazi. Na kwa ukali wa kile kibamba, ambacho kikilazimishwa sana gizani, picha huwa na chembechembe kama unga wa dona. Simu hupanga muda na ukali yenyewe, lakini muda yafaa kuufahamu. Basi lipitalo barabara kuu ya Zambia kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa huenda karibu mita 17 kwa sekunde moja. Tundu likikaa wazi moja ya sitini ya sekunde, basi limesogea sentimeta 28 hivi, na picha imevurugika. Likikaa moja ya elfu, basi limesogea chini ya sentimeta 2. Sasa mwaelewa kwa nini watoto wanaocheza jioni hutoka kama mizimu: mwanga ni haba, tundu limekaa wazi sana, na watoto hawakutulia.

Turudi kwa mkulima wa viazi. Apige picha tatu. Ya kwanza ya shamba zima, ili bwana shamba aone ugonjwa umeenea wapi. Ya pili ya mche mmoja. Ya tatu ya jani, kwa umbali wa shibiri moja hivi, akigusa doa kwenye kioo na kungoja mpaka lionekane wazi. Kisha aligeuze jani, apige na upande wa chini, maana asubuhi penye umande huko ndiko uonekanako utando mweupe wa ugonjwa ule. Asisahau kuandika jina la kijiji na tarehe.

Kuhusu kuzihifadhi, nina wasiwasi. Huko Unguja, Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, mwaka 1930, na picha zake za wakati wa Masultani na za wakati wa Mapinduzi bado hutazamwa hata leo. Lakini simu yenye picha elfu mbili ikitumbukia kisimani, zote zimekwenda. Kila picha ya maana iweke mahali pawili, kama vile simuni na kwenye kadi iliyofungiwa nyumbani. Na zile chache za thamani, zipeleke studio zikachapwe kwenye karatasi. Picha kuukuu za wazazi pia zaweza kunakiliwa: iweke picha mezani karibu na dirisha, zima fleshi, ishike simu sambamba nayo, upige.

Neno moja juu ya ruhusa. Uso wa mtu ni mali yake. Muombe kwanza, hasa mgonjwa, mfiwa, na mzazi wa mtoto. Iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kusambaza picha ya mtu ovyo kwaweza kukufikisha mahakamani. Majengo ya jeshi na mengine ya ulinzi usiyapige picha kabisa.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kila kikundi kimchague mtu mmoja, kimpige picha tatu saa sita mchana: ya kwanza juani, ya pili chini ya baraza, ya tatu akiwa ameupa mlango mgongo, nanyi mmeugusa uso wake juu ya kioo. Ziwekeni pamoja, kisha kila mmoja aandike daftarini sentensi mbili: katika picha ipi macho yanaonekana, na kwa nini. Mwalimu wenu atazikusanya Ijumaa. Kwaherini.