Pombe ya kopo ilivyonifundisha subira Musaga

KAMA nawe ni miongoni mwetu tuliorudi, unajua kwamba Burundi maneno mazito hayamalizwi kwa koo kavu. Mimi nilirudi mwaka 2012, mwaka ambao kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa. Kiwanja cha marehemu baba hapa Musaga nilikikuta mikononi mwa baba mdogo. Alinipa vyumba viwili vya nyuma. Hatukupigana, lakini salamu zetu zilikuwa za mbali.

Mwaka jana wazee walitukalisha, tukakubaliana kugawana. Kilichobaki ni kunywa pamoja ili neno lifungwe. Pombe ilikuwa juu yangu.

Mdogo wangu, anayeishi Uingereza, alikuja likizo kupitia Dar es Salaam na mpaka wa Kobero. Mkobani alikuwa na makopo mawili ya kutengenezea bia chungu ya Kiingereza nyumbani.

"Kaka, tusinunue kreti za Primus. Tupike yetu," alisema.

Ndani ya kopo mna kimea cha shayiri kilichochemshwa hadi kuwa kizito kama asali, tayari kimetiwa hopsi, yale maua yanayoleta uchungu. Chini ya kifuniko kuna pakiti ya hamira. Tuliosha ndoo vizuri, tukamimina kimea, kilo moja ya sukari na maji ya moto, kisha maji baridi hadi lita 23. Ni kama chupa 30 za sentilita 72.

Hapo nikakosea. Maelezo yalitaka nyuzi joto 18 hadi 21. Chumba changu mchana kilifika 28. Siku ya tano povu likatulia, nikadhani imeiva. Nikatia sukari kwenye chupa kwa kukisia, nikaziba.

Usiku wa tatu, chupa nne zilipasuka kwa mkupuo. Watoto wakaingia uvunguni. Musaga tumesikia milio mingi, tangu miaka ya vita hadi ghasia za 2015, na hakuna anayeuliza mara mbili.

Aliyekuja mbio ni mama mdogo, mke wa baba mdogo, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka kizingiti changu. Alikuta sakafu imelowa na mimi nimeshika ufagio. Alicheka hadi akakaa chini.

"Mwanangu, pombe haikimbizwi," alisema.

Asubuhi alitusaidia kufungua chupa zilizobaki, kila moja ikiwa imefunikwa gunia zito. Kisha akaniita jikoni kwake. Alikuwa anaandaa impeke, pombe yetu ya mtama. Mtama huloweka, ukaota, ukaanika juani, ukausaga: hicho nacho ni kimea. Kumbe kopo la Uingereza na ungo wa mama mdogo ni kazi moja. Shayiri au mtama, nafaka ikiota hujiandaa kugeuza wanga wake kuwa sukari, na hamira huila sukari hiyo ikatoa kilevi na gesi. Gesi ikifungiwa kabla ya wakati wake, hutafuta njia.

Tulisogeza siku ya kikao wiki nne mbele, tukaanza kopo la pili. Safari hii ndoo ilikaa ndani ya beseni la maji, imefungwa kitambaa chenye majimaji, na mama mdogo alikilowesha kila alipopita. Mdogo wangu alitumia kile kipimo cha kioo kinachoelea. Kiliposoma namba ileile siku tatu mfululizo, ndipo tukaweka kwenye chupa, kijiko kimoja cha chai cha sukari kwa kila chupa, si zaidi. Baada ya hapo, wiki mbili za kungoja.

Ndugu msomaji mwenye biashara ya mpakani, ukivutiwa, anza na ndoo moja ya kunywa nyumbani. Kabla ya kuuza hata chupa moja, ulizia ofisi ya komine.

Siku ilipofika, baba mdogo alionja bia yangu, akakunja uso.

"Mwanangu, hii ni pombe au kwinini?"

Watu wakacheka. Akaigeukia impeke, akavuta kwa umuheha, kisha akanipa mimi mrija uleule. Mipaka ya kiwanja ilikuwa imeshatajwa mbele ya wote.

Jioni, wakati wa kuagana, niliona ameshika chupa ya pili ya ile kwinini.