Huyu Mkubwa Atabaki na Nani?

Kabla mjamzito hajamaliza kununua vifaa vya kujifungulia, kuna swali atakaloulizwa na shangazi, na jirani, na mama wa kanisani: huyu mkubwa atabaki na nani? Tukuyu wanaliuliza, Ilula wanaliuliza, na Mbeya mjini, ambako wengi wamepanga chumba kimoja na sebule, wanaliuliza kwa wasiwasi zaidi. Anayeuliza hatafuti mazungumzo. Anataka kutajiwa mtu.

Zamani Unyakyusa, eneo la Tukuyu, jibu lilitegemea umri wa mtoto. Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti huko kati ya 1934 na 1938, walikuta vijiji vya rika, na Monica akaviandikia kitabu, Good Company, kilichotoka 1951. Mvulana akifika miaka 10 au 11 aliacha kulala nyumbani kwa baba yake. Yeye na wenzake walijijengea vibanda kando, wakalala huko, lakini hawakujipikia. Walikula kwa mama zao, tena kwa pamoja: leo kundi zima kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Sababu iliyotajwa ilikuwa heshima, kijana anayekua asiwe karibu na faragha ya wazazi wake. Mimi naona mpango huo ulikuwa na faida nyingine ambayo haikuhitaji kutangazwa. Mama mmoja alipojifungua, mwanawe hakukosa pa kula, kwa sababu tangu mwanzo hakuwa akila kwa mama mmoja.

Mtoto wa miaka miwili au mitatu hakuwa na rika la kumlisha. Huyo alikuwa wa bibi. Na hapa kuna jambo linalonigusa sana. Kwa desturi ya Kinyakyusa mke hakutakiwa kukutana na baba mkwe wake. Akimwona njiani alikwepa, na hata jina lake hakulitamka. Mjukuu hakufungwa na mwiko huo. Aliingia na kutoka katika nyumba ambayo mama yake aliizunguka kwa mbali, akakaa miguuni pa babu, akala naye. Mara nyingi hakuwa hata mgeni, kwa maana kwa bibi ndiko watoto wengi walikopelekwa kuachishwa ziwa, kama familia nyingi za Wahehe na Wabena zinavyofanya mpaka leo. Mdogo wake alipozaliwa, alikuwa anarudi mahali anapopajua: anajua kuku wanalala wapi, anajua bibi anaficha wapi karanga. Mazoea hayo ya mapema ndiyo kiini cha desturi yote, na ndiyo tunayoyapoteza.

Siku hizi, hasa mjini, bibi ndiye anayesafiri. Anashuka kwenye Coaster akiwa na mkungu wa ndizi za Tukuyu, kuku aliyefungwa miguu na mfuko wa unga wa ulezi. Bibi anayejua kazi yake haanzi na mjamzito, anaanza na mtoto. "Mume wangu, mbona hunipokei mzigo?" anamwambia mjukuu wa miaka minne, kwa utani ule wa bibi na mjukuu, na mtoto anashika kamba ya kuku. Jioni bibi ndiye anayemwogesha na kumlaza. Hata kabla ya siku yenyewe mtoto ameshahama kitanda cha mama bila kufukuzwa na mtu. Uchungu ukija saa nane usiku, mama akaondoka na bajaji, mtoto anaamka asubuhi ubavuni mwa mtu yule yule aliyelala naye.

Mkubwa mwingine hupelekwa kwa jirani usiku huohuo, ameambiwa mama amekwenda sokoni. Siku chache baadaye mama anarudi na mtoto mwingine kifuani, na watu wazima wanasema amenunuliwa hospitali. Akianza tena kukojoa kitandani wanamcheka, wanasema ana wivu. Mimi naona ana haki ya kununa. Amedanganywa mara mbili.

Lakini si kila nyumba ina bibi wa kuitwa. UKIMWI uliipiga mikoa hii kuliko mingine nchini: utafiti wa kitaifa wa 2016-17 ulikuta maambukizi ya asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya kwa watu wazima. Bibi wengi wa Makete na Mufindi tayari wamelea wajukuu waliofiwa na wazazi. Mabinti wa Iringa na Njombe nao huenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Dada yao akijifungua Kilolo, wao wako Sinza wanabembeleza mtoto wa tajiri wao. Na uzazi ukiangukia Januari, mahindi yanadai palizi, hata bibi mwenye nguvu hawezi kuliacha shamba wiki nne.

Hapo mzigo humwangukia mtoto mkubwa mwenyewe, akiwa wa kike. Wa miaka tisa anachota maji, anakoroga uji wa mzazi, anabeba mdogo wake mgongoni, na shuleni mwalimu anaita jina lake bila kuitikiwa. Wapo wanaosema hayo ndiyo malezi. Sikubaliani nao. Huyu ndiye aliyetakiwa kutafutiwa mtu.

Na baba? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku 3. Hizo huishia getini, iwe hospitali ya Meta mjini Mbeya au ya Tosamaganga nje ya mji wa Iringa, akipeleka chakula na kuchukua nguo za kufua. Mkulima na muuza mboga hawana hata hizo.

Na kwa mtoto aliyepelekwa kwa bibi, kurudi ndiko kusikopangwa kabisa. Wiki mbili zinageuka arobaini, arobaini inageuka muhula, na mtoto anaanza darasa la kwanza kwa bibi huku mdogo wake akimjua kwa picha. Familia zinazofanya vema hutaja siku mapema, mbele ya mtoto: "Baba atakufuata Jumamosi baada ya arobaini." Na mvua ikikata barabara, au kidonda cha upasuaji cha mama kikichelewa kupona, simu apewe mtoto mwenyewe, aelezwe sababu, atajiwe siku nyingine.