Anatolia Kati ya Mabamba: Kwa Nini Uturuki Hutetemeka

Ramani ya matetemeko ya ardhi ya Uturuki huonyesha, pamoja na madoa mengi madogo, mistari miwili mirefu isiyoweza kufichika, mmoja ukikatiza kaskazini mwa nchi sambamba na pwani ya Bahari Nyeusi hadi kuzama chini ya Bahari ya Marmara, na mwingine ukitoka katika milima ya mashariki na kuteremka kusini-magharibi hadi kwenye mabonde ya Hatay, karibu na mpaka wa Syria. Mistari hiyo ni mipasuko, yaani mahali ambapo miamba ya ganda la dunia imekatika na pande zake mbili husogea zikipishana, na mpasuko huitwa hai pale inapothibitika kwamba mwendo huo haujakoma. Matetemeko matatu yaliyoua watu wengi zaidi nchini humo katika miaka mia moja iliyopita, la 1939, la 1999 na la 2023, yote yalitokea katika mistari hiyo, na chanzo chake cha mbali hakimo ndani ya Uturuki bali kiko kusini, katika nchi za Waarabu na katika pembe ya Afrika.

Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba, ambayo ni vipande vikubwa vya miamba migumu vinavyojongea polepole juu ya tabaka lililo moto na laini zaidi. Bamba la Arabuni lilikuwa sehemu ya Afrika hadi lilipoanza kujitenga nayo miaka milioni 30 hivi iliyopita, na katika utengano huo zilizaliwa Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Katika eneo la Afar, lililo kati ya Ethiopia, Eritrea na Djibouti, matawi hayo mawili hukutana na tawi la tatu, ambalo ni Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, kwa hiyo mkazi wa Nakuru au wa Mbeya anaishi kando ya tawi mojawapo la mfumo uleule uliolitenganisha bamba la Arabuni na Afrika. Bamba hilo sasa huelekea kaskazini kwa kasi ya milimita 15 hadi 20 kwa mwaka likilinganishwa na bamba la Yurasia, linalobeba Ulaya na sehemu kubwa ya Asia. Bahari ya kale iitwayo Tethys, iliyokuwa kati yao, ilikwisha kutoweka baada ya sakafu yake kumezwa chini ya Yurasia, na tangu hapo bara limekutana na bara. Kwa kuwa miamba ya mabara ni myepesi mno kuzama kama sakafu ya bahari inavyozama, hujikunja na kuinuka, na ndiyo asili ya milima ya Zagros nchini Iran na ya Bitlis kusini-mashariki mwa Uturuki, sawasawa na mgongano wa India na Asia ulivyoinua Himalaya.

Si ardhi yote, hata hivyo, hukubali kukunjwa. Anatolia, ile nchi pana iliyo kati ya Bahari Nyeusi na Mediterania, ambayo wataalamu huihesabu kuwa bamba dogo linalojitegemea, imebanwa upande wa mashariki na ikapata upenyo upande wa magharibi, ikachomoka kuelekea huko kama kokwa ya embe inavyoponyoka kati ya viganja. Msukumo huo peke yake hautoshi kueleza kasi yake. Kusini mwa kisiwa cha Krete, sakafu ya Mediterania inaendelea kuzama chini ya Bahari ya Aegean, na kadiri inavyozama ndivyo inavyolivuta eneo lote la Aegean kusini-magharibi, hata ikawa Anatolia husukumwa kutoka nyuma na kuvutwa kutoka mbele kwa wakati mmoja. Vipimo vya setilaiti vimeuthibitisha mwendo huo.

Ili nchi nzima iweze kuchomoka namna hiyo, ni lazima kingo zake zikatike, na kingo hizo ndizo mipasuko miwili iliyotajwa. Mpasuko wa Anatolia ya Kaskazini una urefu unaozidi kilomita 1,200, na mtu anayesimama upande wake mmoja akitazama ng'ambo atakuta kwamba, baada ya tetemeko, ardhi ya ng'ambo imehamia kulia kwake. Katika Mpasuko wa Anatolia ya Mashariki, ardhi ya ng'ambo huhamia kushoto. Miwili hiyo hukutana karibu na mji wa Karlıova. Wa kaskazini una kasi ya zaidi ya milimita 20 kwa mwaka, na wa mashariki chini ya nusu ya hiyo.

Milimita 20 kwa mwaka ni kiasi ambacho hakingemdhuru mtu yeyote iwapo miamba ingeteleza bila kukwama. Lakini nyuso za mpasuko zimebanana kwa nguvu kubwa sana na msuguano huzizuia, kwa hiyo mabamba huendelea na safari yake huku kingo zikiwa zimekwama, na miamba ya pande zote mbili hupindika kidogo kidogo ikilimbikiza mkazo. Siku mkazo unaposhinda msuguano, mwendo uliocheleweshwa kwa miaka mia mbili hutimizwa kwa sekunde chache, na mawimbi yanayosambaa kutokana na mruko huo ndiyo huitwa tetemeko. Maelezo haya yalitolewa na Mmarekani Harry Fielding Reid baada ya tetemeko la San Francisco la 1906, na uzuri wake ni kwamba yanawezesha hesabu: kasi ikizidishwa kwa idadi ya miaka iliyopita tangu mpasuko ulipokatika mara ya mwisho hutoa makadirio ya mita ambazo ardhi itaruka. Siku yenyewe, hata hivyo, haimo katika hesabu hiyo, na mtu anayetangaza tarehe ya tetemeko lijalo hastahili kusikilizwa.

Mpasuko wa kaskazini ndio uliowafundisha wataalamu kwamba matetemeko huachiana zamu. Mnamo Desemba 1939 tetemeko la ukubwa wa 7.8 liliupiga mji wa Erzincan, likaua watu wapatao 33,000 na kuukata mpasuko kwa zaidi ya kilomita 300. Yakafuata mengine mwaka 1942, 1943 na 1944, kila moja likianzia karibu na pale lililotangulia lilipokomea, yote yakielekea magharibi, na katika mwaka 1948 mwanajiolojia wa Kituruki İhsan Ketin alitumia matukio hayo kueleza kwamba ulikuwapo mpasuko mmoja mrefu na kwamba Anatolia ilikuwa ikisogea magharibi. Wazo hilo alilitoa karibu miaka ishirini kabla elimu ya mabamba haijakubalika duniani, na ni haki kusema kwamba hajapata sifa anayostahili nje ya fani yake. Sababu ya zamu hizo ni kwamba mpasuko unapokatika hupunguza mkazo mahali pake lakini huuhamishia kwenye ncha zake, na kipande cha jirani, ambacho tayari kilikuwa kimebeba mzigo wake, huongezewa mwingine. Mwaka 1997 Ross Stein, Aykut Barka na James Dieterich walichapisha utafiti wa mlolongo huo, wakautaja mji wa İzmit miongoni mwa sehemu ambazo mkazo umeongezeka. Usiku wa tarehe 17 Agosti 1999, saa 9 na dakika 2, mpasuko ulikatika hapo hapo. Zaidi ya watu 17,000 wakafa, na mnamo Novemba mwaka huohuo kipande kilichofuata, upande wa mashariki, kikakatika huko Düzce.

Mpasuko wa mashariki ulikuwa mtulivu ukilinganishwa na huo, na utulivu wake ulitafsiriwa vibaya na wengi wasio wataalamu. Tarehe 6 Februari 2023, saa 10 na dakika 17 alfajiri, tetemeko lilianza katika tawi dogo lililo pembeni mwa mpasuko, karibu na Pazarcık katika mkoa wa Kahramanmaraş, likarukia mpasuko mkuu na kuukata kuelekea pande zote mbili kwa zaidi ya kilomita 300, hata likafikia ukubwa wa 7.8. Saa 9 baadaye, mchana, kiasi cha kilomita 100 kaskazini, mpasuko mwingine unaolala mashariki-magharibi ulikatika kwa tetemeko la ukubwa wa 7.5, likiwa kubwa mno kwa lile ambalo kwa kawaida lingetazamwa kama mtetemo wa baadaye tu. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini wataalamu husema mfumo wa mipasuko badala ya mpasuko mmoja, kwa sababu mstari uliochorwa kwenye ramani huwa na matawi, vipinde na majirani, na kadiri vipande vingi vinavyokatika kwa pamoja ndivyo tetemeko linavyokuwa kubwa. Zaidi ya watu 50,000 walikufa Uturuki na maelfu wengine Syria.

Vifo hivyo havikugawanyika kwa kufuata umbali kutoka kwenye kitovu. Antakya, mji wa kale ambao ulibomolewa na tetemeko mwaka 115 mfalme Trajan wa Roma akiwamo ndani yake, na tena mwaka 526, umejengwa katika bonde la mto wenye mashapo, na udongo laini hukuza mtikisiko kuliko mwamba. Uwanja wa ndege wa Hatay ulijengwa mahali palipokuwa ziwa lililokaushwa, na njia yake ya kurukia ilipasuka. Kisha kuna majengo yenyewe. Maghorofa mengi yalikuwa na maduka katika ghorofa ya chini, penye vioo vingi na kuta chache, na nguzo za chini zilipovunjika sakafu za juu zililaliana. Sheria nzuri za ujenzi zilikuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, lakini mwaka 2018 serikali iliruhusu majengo yaliyokiuka taratibu kuhalalishwa kwa kulipiwa ada, jambo ambalo kihandisi halina utetezi, kwa maana stakabadhi haiongezi nondo katika nguzo.

Mgongano wa Arabuni na Yurasia unaendelea mashariki zaidi, ambako tetemeko la Bam nchini Iran liliua zaidi ya watu 25,000 mwaka 2003. Katika Makran, palipobaki sakafu ya bahari inayozama bado chini ya Iran na Pakistan, tetemeko la Novemba 1945 lilizusha tsunami iliyofika pwani ya Oman. Afrika Mashariki ina hali tofauti, kwa kuwa huko ganda la dunia linavutwa na kutanuka, na matetemeko mengi ni ya kadiri, kama lile la Kagera la 2016 lenye ukubwa wa 5.9, lakini lile la Rukwa la 1910 lilifikia 7.4 hivi, kwa hiyo kutanuka si dhamana.

Kipande kinachosubiriwa sasa ni kile cha chini ya Bahari ya Marmara, kusini tu mwa Istanbul, mji wenye watu zaidi ya milioni 15. Matetemeko makubwa ya mwisho hapo yalikuwa ya 1766, na kwa kasi ya milimita 20 kwa mwaka mwendo uliolimbikizwa katika sehemu zilizokwama unakaribia mita 5, takriban sawa na mruko mkubwa zaidi uliopimwa İzmit. Mwaka 2000 watafiti walikadiria kwamba uwezekano wa mji huo kupata mtikisiko mkali ndani ya miaka 30 ulikuwa asilimia 62. Tarehe 23 Aprili 2025 tetemeko la ukubwa wa 6.2 lilitokea chini ya bahari hiyo, na baadhi ya watu walitumaini kwamba mkazo umepungua. Lakini katika kipimo cha ukubwa wa matetemeko kila ongezeko la namba moja huongeza nishati mara 32 hivi, kwa hiyo ingehitajika matetemeko zaidi ya 60 kama lile la Aprili ili kutoa nishati ya tetemeko moja la 7.4.