Daraja Tatu, Vyeo Vingi: Nani Mkubwa kwa Wakatoliki wa Kyela?

Wamoraviani na Walutheri waliingia Unyakyusa mwaka 1891. Roma ilianzisha eneo lake la kimisioni la Tukuyu mwaka 1932. Ndiyo maana huku Kyela, kuanzia Ipinda hadi Matema, si ajabu ukoo mmoja kuwa na waumini wa makanisa yote matatu, na mabishano ya uongozi hayaishi.

Kila upande una utaratibu wake. Jimbo la Kusini la Moraviani huongozwa na mwenyekiti anayechaguliwa na sinodi. Askofu wao ni mlezi wa kiroho zaidi kuliko mtawala. Walutheri wa Dayosisi ya Konde humpigia askofu wao kura. Mkatoliki hapigi kura: askofu huteuliwa na Papa, baada ya balozi wake kukusanya maoni kwa siri. Askofu Evarist Chengula wa Mbeya alifariki dunia tarehe 21 Novemba 2018. Mwezi mmoja baadaye, Desemba 21, Papa Fransisko aliipandisha Mbeya kuwa jimbo kuu na kumteua Gervas Nyaisonga, aliyekuwa askofu wa Mpanda, kuliongoza.

Hapo, kwenye vyeo, ndipo wengi huchanganya mambo. Sakramenti ya Daraja Takatifu ina ngazi tatu tu: ushemasi, upadri na uaskofu. Paroko, dekano, makamu wa askofu, hata kardinali, ni majukumu au heshima anazopewa mtu ambaye tayari ana daraja. Masista na mabruda wana nadhiri zao, lakini nadhiri si daraja.

Askofu mkuu naye si bosi wa maaskofu wenzake. Ana heshima ya kwanza katika kanda yake na wajibu wa kuangalia kama imani na nidhamu vinazingatiwa, lakini hawezi kumhamisha paroko wa Sumbawanga au wa Iringa. Kila askofu wa jimbo huwajibika moja kwa moja kwa Papa, na akifikisha miaka 75 humwandikia akiomba kung'atuka.

Vilevile Baraza la Maaskofu, TEC. Rais wake huchaguliwa kwa kura za maaskofu, na kura hizo hazifuati ukubwa wa jimbo. Nyaisonga alichaguliwa kuwa rais mwaka 2018 akiwa bado Mpanda, huku nchi ikiwa na maaskofu wakuu na kardinali. Mwaka 2024 nafasi hiyo ilichukuliwa na Wolfgang Pisa, askofu wa Lindi.

Mipaka ya mamlaka ya askofu unaiona kwenye Ziwa Nyasa lenyewe. Ukivuka Mto Songwe uko Jimbo la Karonga, Malawi, lililoundwa mwaka 2010. Ukifuata ufuko kuelekea Ludewa unaingia Jimbo la Njombe, kisha Mbinga. Misa ni ileile, ila padri wa Kyela akitaka kuhudumu huko kwa kudumu, lazima maaskofu wa pande zote mbili wakubaliane.

Sasa shuka hadi kigangoni, kituo kidogo cha ibada ndani ya parokia. Paroko mmoja ana vigango vingi, na masika yakichachamaa mito ya Kyela hufurika na barabara kukatika. Jumapili hiyo katekista ndiye huongoza ibada: husoma Neno, hufundisha, husalisha. Hawezi kuadhimisha Misa wala kuondolea dhambi, maana hana daraja. Lakini ndiye aliyewafundisha watoto wa kipaimara, ndiye anayejua nani mgonjwa, na mara nyingi ndiye anayemzika marehemu padri akiwa mbali.

Chini ya kigango kuna Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele katika miaka ya 1970. Viongozi wake ni walei, mara nyingi akina mama, na huchaguliwa na wanajumuiya. Anayetaka kufunga ndoa au kubatiza mtoto huanzia kwao, maana paroko atauliza kwanza kama jumuiya inamtambua.

Kwa hiyo jibu la swali la ukubwa hutegemea unataka nini. Mamlaka ya kufundisha na kutakasa hushuka kutoka Roma kupitia Mbeya. Ushahidi kwamba wewe ni Mkristo hai hupanda kutoka kwa majirani zako. Paroko huhamishwa kwa barua ya askofu, na anayekuja hana budi kuwauliza wanajumuiya na katekista kondoo wake ni akina nani.