Sikukuu Ugenini

Noeli ikikaribia, nyumba nyingi za Uvira hufagiliwa mapema. Ndugu wengine hushuka bandarini Kalundu, wengine huja kwa barabara kutoka Bujumbura. Mama huongeza bugali na ndagala, na watoto huwaachia wageni mikeka yao. Leo tutasoma habari za watu walioshika sikukuu zao hapa Kongo, wakiwa mbali sana na kwao. Watu hao ni Wayahudi.

Katika Bahari ya Kati kuna kisiwa kiitwacho Rhodes, ambacho sasa ni cha Ugiriki. Huko walikaa Wayahudi ambao babu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492. Tangu mwanzo wa miaka ya 1900, vijana wao wengi walitoka kwenda kutafuta riziki. Baadhi walifika Katanga, kusini kabisa mwa nchi yetu, katika mji wa Elisabethville. Tangu 1966 mji huo huitwa Lubumbashi. Walifungua maduka. Aliyefanikiwa alimwita ndugu yake, na huyo akamwita mwingine. Hivyo mgeni wa jana akawa mwenyeji wa leo. Karibu na mwaka 1930 walijenga sinagogi, yaani nyumba yao ya sala. Mwaka 1937 alifika rabi, mwalimu wao wa dini, jina lake Moïse Lévy. Aliwaongoza zaidi ya miaka 50.

Je, Wayahudi hushikaje Pasaka yao? Hukumbuka jinsi Mungu alivyowatoa utumwani Misri kwa mkono wa Musa. Siku ile babu zao waliondoka kwa haraka, na unga haukupata muda wa kuumuka. Kwa hiyo huondoa chachu yote nyumbani, wakala mkate usiotiwa chachu. Hula pia mboga chungu, zikumbushe uchungu wa utumwa. Usiku mtoto mdogo kuliko wote huuliza maana ya mambo hayo, na wazee humweleza.

Mgeni wa sikukuu hiyo asichelewe njiani. Kwa Wayahudi siku mpya huanza jua linapotua, na sheria yao hukataza safari siku ya sikukuu. Basi, kabla jua halijatua, mgeni awe amekwisha kufika, na mwenyeji awe amekwisha kutayarisha chakula na mahali pa kulala.

Tena kuna jambo la ajabu. Katika nchi ya Israeli Pasaka ni siku 7, lakini ugenini ni siku 8. Kwa nini? Zamani wakuu wa Yerusalemu walingoja mwezi uandame, kisha wakatuma wajumbe kutangaza. Waliokaa mbali hawakupata habari upesi. Wakaogopa kukosea siku, wakaongeza moja. Leo kalenda hujulikana kila mahali, lakini desturi hiyo ingaliko. Mayahudi aliye ugenini hula karamu ya Pasaka usiku wa kwanza, akaila tena usiku wa pili.

Halafu ilikuja huzuni kubwa. Katika Vita Kuu ya Pili, Julai 1944, askari wa Hitler waliwakamata Wayahudi wa Rhodes, zaidi ya 1,600, wazee kwa watoto. Waliwapeleka Auschwitz, katika nchi ya Poland. Wengi wao waliuawa mara walipofika. Waliookoka walikuwa kama 150 tu. Hawakuwa tena na jamaa wa kurudia kisiwani. Baadhi yao walisafiri mpaka Kongo, wakapokewa na ndugu zao. Fikirini, watoto, maana ya meza ya Pasaka kwa mtu aliyepotewa na baba, mama na kijiji kizima.

Baada ya 1960 wengi waliondoka Kongo. Leo Wayahudi wa Lubumbashi ni wachache, lakini sinagogi lao lingali limesimama.

Nasi Wakristo tusisahau: Yesu alikuwa Myahudi. Alipokuwa na miaka 12 alipanda Yerusalemu pamoja na Maria na Yosefu kwa ajili ya Pasaka. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba mateso ya Yesu yasihesabiwe kuwa kosa la Wayahudi wote wa wakati ule, wala la Wayahudi wa leo. Yeyote anayewachukia huwachukia jamaa za Bwana wetu.

Katika kitabu cha Kutoka, Mungu aliwaagiza Waisraeli wasimwonee mgeni, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Basi, jua likishuka nyuma ya milima ya Mitumba, na mgeni akabisha hodi kwenu, mfungulie. Hujui ametoka katika taabu gani.

Maswali
1. Kwa nini Wayahudi hula mkate usiotiwa chachu?
2. Kwa nini Pasaka yao ugenini ina siku 8?
3. Wageni wakija kwenu, wewe huwafanyia kazi gani?