Kusoma Michoro ya Nguvu kwenye Boriti na Nguzo

Elementi ya mstari ni kiungo kirefu na chembamba cha jengo, kama boriti, nguzo au mbao ya kenchi, ambacho programu ya uchambuzi wa elementi finiti hukichukua kuwa mstari uliofungwa kwa nodi mbili, yaani pointi za ncha zake. Darasa la shule ya Muleba, lenye nguzo za zege, linta na kenchi za mbao, likiingizwa kwenye kompyuta hubaki nyuzi tupu. Unene wa nguzo na kina cha boriti huwa namba ndani ya faili.

Ugumu wa kuonyesha matokeo huanzia hapo, maana mstari hauna uso wa kupakwa rangi. Programu ya ParaView inaweza kuuvika umbo la bomba ili rangi ionekane, lakini unene wa bomba hilo ni wa picha tu. Kwa kenchi hilo linatosha: mbao ama inavutwa ama inagandamizwa, na rangi mbili zinamaliza maelezo.

Boriti ni habari nyingine kabisa. Momenti ya kupinda hubadilika hatua kwa hatua, ndiyo maana huchorwa kama umbo linalosimama kando ya mstari. Chukua boriti ya mita 4 iliyokalia nguzo mbili bila kufungwa nazo, ikibeba kilonyutoni 15 kwa kila mita. Katikati, momenti ni 15 × 4 × 4 ÷ 8, yaani kilonyutoni-mita 30. Boriti hiyo ikiwa elementi moja, na programu ikaonyesha thamani za nodi peke yake, ncha zote mbili zina sifuri. Mchoro unalala chini, na boriti inaonekana haibebi kitu! Dawa ni kuagiza vituo vya matokeo ndani ya elementi, au kuigawa sehemu mbili sawa ili nodi iangukie katikati. Umbo lililopinda nalo lina kasoro hiyohiyo: mkunjo uliochorwa kwa kufuata nodi hizo mbili tu hufikia asilimia 80 ya mnepo halisi, yaani kushuka kwa boriti katikati. Tena mnepo huo hukuzwa ili uonekane, basi kipimo cha ukuzaji kisomwe kwanza.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye maungio. Baadhi ya programu huchukua wastani wa thamani za elementi zote zinazokutana kwenye nodi moja, ilhali wastani wa momenti ya nguzo na ya boriti hauna maana yoyote. Maungio hayo ndiyo hujaribiwa tetemeko linapopiga, na mji wa Bukoba unalijua tetemeko kwa uchungu. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Fremu inapotikiswa kwa ubavu, momenti za nguzo huwa kubwa juu na chini, palepale kwenye maungio, na hupungua kuelekea katikati. Wastani huficha mahali panapohitaji ringi zilizosogezwa karibu. (Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali au udongo bila fremu, na kwa hizo elementi za mstari hazifai.)

Mwisho ni upande wa mchoro. Programu nyingine huchora momenti upande unaovutwa, nyingine upande wa pili, na nondo kuu hukaa upande unaovutwa. Kabla nondo hazijakatwa, boriti moja ipigiwe hesabu kwa mkono na jibu lilinganishwe na mchoro.